Kiti cha Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Na chumvi!"

"Ilambwe na nani?"

"Na aliye karibu nayo!"

Haya, tulieni basi. Hapo kale palikuwa na chemchemi ya chumvi porini, mwendo wa siku saba kutoka kwa Mfalme Simba. Ngiri alikaa hapo na majirani zake, Swala na Pofu. Kila mvua zilipoisha chemchemi ilijaa tope, nao walifanya msaragambo wa kulizoa: mwenye pembe kwa pembe, mwenye kwato kwa kwato, mpaka chumvi ionekane.

Simba akasikia habari za chumvi ile. Akatoa amri: "Tope la chemchemi ni langu. Asiliguse yeyote bila ruhusa yangu."

Mvua zikaisha, tope likajaa. Ngiri akaenda siku saba.

"Bwana mkubwa, tope."

"Tumesikia. Rudi ukangoje."

Akarudi, akangoja. Swala akahama.

Mwaka wa pili akaenda siku saba.

"Bwana mkubwa, tope."

"Tumesikia. Rudi ukangoje."

Akarudi, akamkuta Pofu anaondoka.

"Shoga yangu, nawe unaniacha?"

"Ngiri jirani yangu, ndama wangu wanalamba mawe. Kungoja hakunyonyeshi."

Mwaka wa tatu akaenda siku saba.

"Bwana mkubwa, tope."

"Tumesikia. Rudi ukangoje."

Aliporudi hakuona nyayo ila zake mwenyewe.

Ndipo Kasuku, tarishi wa mfalme, akafika na kiti cha miguu mitatu. "Furahini nyote! Madaraka yamerudi kwenu! Mjitawale!"

"Unawaambia akina nani?" Ngiri akauliza.

Kasuku akatazama huku na huku. "Wewe, basi. Keti."

Ngiri akaketi. Hakuja wa kushtaki, hakuja wa kusalimu.

"Na tope je? Nilizoe?"

"Aa, tope bado la mfalme."

Ngiri akainuka, akakipindua kiti, akang'oa mguu mmoja, akaanza kuchimba.

"Nitakusemea kwa mfalme!"

"Kaseme. Utaambiwa ungoje."

Alichimba peke yake mpaka chumvi ikachungulia, kiasi cha ulimi mmoja. Akalamba. Akaita, "Swala ee!" Kimya. "Pofu ee!" Kimya. "Jamani ee!" Upepo tu.

Mguu wa kiti ulishaoza zamani. Lakini hata leo mkimwona Ngiri kapiga magoti, pua chini, jueni bado anazoa lile tope.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Anayengoja ruhusa ya kuzoa tope la mlangoni kwake, atalizoa peke yake. Na anayegawa kiti akabaki na tope, hajagawa kitu.

Mimi nilipita pale nikaomba chumvi, nikapewa kidogo, ndiyo maana mboga ya leo imepooza. Msiniulize tena. Aliyemaliza kula mwisho akaoshe vyombo.