Baba Ahamie kwa Nani?

Nyinyi hodari wa kuamua ya wenzenu, amueni na hili.

Mzee Faki, mcheza ng'ombe wa Pemba, alikuwa na mabinti watatu. Mize alijaliwa sikio, Riziki ulimi, na Mwanakombo, daktari wa upasuaji, jicho. Wote waliolewa mbali. Tangu mama yao afariki, kila mmoja alimtengea baba chumba, akawa anakifagia kila asubuhi kwa hamu ya kumwona. Mzee hakuhama.

Siku moja uwanjani, akilichokoza dume mbele ya watazamaji, likamchoma pembe tumboni. Lakini mcheza ng'ombe hakiri kuguswa. Akakaza kikoi juu ya kidonda, akasema, "Mkwaruzo tu."

Jioni Mize alimpigia simu. Mzee alimjibu kwa upole, bila utani aliouzoea. Mize akaingiwa na hofu. "Baba hajanitania leo," aliwaambia wadogo zake. "Baba mgonjwa." Akawaomba majirani wa baba wamkimbize hospitali anakofanya kazi Mwanakombo.

Huko mzee akagoma. Marehemu mkewe aliwahi kuingia chumba cha upasuaji, akatoka kafunikwa shuka. "Mimi sipasuliwi. Nirudisheni kwangu."

Riziki, aliyekuwa ameshafika, akamshika mkono. "Hawakupasui, baba. Watachungulia tu. Ukitutoka wewe, nani atatuita wanangu?" Mzee akalia, akakubali.

Madaktari wenzake Mwanakombo walitaka kulifungua tumbo lote, waone pembe imefika wapi. "Dada ameshaahidi," akawaambia. Akatoboa tundu dogo kitovuni, akalijaza tumbo hewa, akaingiza kamera nyembamba kama kalamu. Kwenye skrini akaona utumbo umechanika kidogo. Akatoboa vitundu vingine viwili, akaushona kupitia humo.

Mzee alipopona akasema, "Nimechoka kula peke yangu. Nitahamia kwa aliyeniokoa."

"Bila mimi ungefia ndani ya kikoi chako," alisema Mize.

"Bila mimi ungerudi nyumbani na kidonda chako," alisema Riziki.

"Tumbo lako nimeliona lote, baba," akasema Mwanakombo. "Sijaliona likishiba kwangu."

Mzee bado ameketi kitandani, kifurushi mapajani, akiwatazama wanawe. Vyumba vitatu vimefagiliwa, na viwili vitabaki vitupu.

Haya, uamuzi ni wenu. Je, nyinyi mngempeleka kwa nani, na hao wawili mngewaambia nini?