Samaki wa Mize na Zimwi la Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Anayetaka kusikia?

Masikio yako hapa!

Anayetaka kulala?

Akalale kwao!

Basi, hapo kale palikuwa na mwanamke, jina lake Mwanakombo, na bintiye wa miaka sita, Mize. Waliishi wawili tu, karibu na bwawa. Na wewe, acha kumfinya mwenzako, nakuona.

Siku moja Mize alifuatana na mama yake kuchota maji. Akachota kwa kata yake, akaona ndani yake samaki mdogo mwekundu, hata urefu wa kidole hafiki.

"Mama, nataka kumfuga."

"Samaki hafugwi," alisema Mwanakombo. "Samaki hupakwa chumvi."

Hapo maji yakafunguka, likatoka zimwi. Lilikuwa limekonda, mbavu zinahesabika.

"Samaki huyo ni wangu, nyinyi wezi," likasema. "Lakini mfugeni. Kila siku ya saba nitakuja kuuliza habari zake. Akiwa hai, semeni yu hai. Akifa, semeni amekufa, nami nitakwenda zangu. Ila mkisema uongo mbele yangu, nitaula uongo wenu. Nikila uongo mara tatu, namla mtoto."

Mwanakombo alitaka kummwaga samaki palepale, lakini Mize alikuwa ameshampa jina. Alimwita Bwana Mdogo, wakamtia mtungini.

Siku ya kwanza Mize alimlisha samaki wake. Siku ya pili akamlisha. Siku ya tatu akaenda kuruka kamba. Tangu hapo ni Mwanakombo aliyesaga makombo ya mkate, ni Mwanakombo aliyesugua utelezi wa mtungi, ni Mwanakombo aliyekwenda bwawani kila asubuhi kutafuta maji mapya, akinung'unika njia nzima.

"Kula, kenge wee," alimwambia samaki. "Hata asante huna."

Alimchukia samaki yule kwa moyo wake wote, na hakumnyima chakula hata siku moja.

Siku ya saba zimwi likaja.

"Samaki wangu yu hai?"

"Yu hai."

Ilikuwa kweli. Zimwi likaondoka na njaa yake, likitukana mpaka bwawani.

Basi, siku moja jirani yao, Bi Chiku, aliingia kuomba moto, akaziba pua. "Mwenzangu, nyumba yako inanuka shombo," akasema, akaenda kuwasimulia wengine.

Mwanakombo aliona aibu. Akamtoa samaki, akaumwaga mtungi, akakitia makaa chetezo, akaweka ubani, akaufudikiza mtungi juu ya moshi, kama watu wafanyavyo ili maji ya kunywa yanukie. Kisha akajaza maji, akamrudisha Bwana Mdogo. Nyumba nzima ikanukia harusi. Asubuhi samaki alikuwa anaelea, tumbo juu.

Mize alikuwa bado amelala. Mwanakombo akasimama pale, asithubutu kumwamsha. Sikilizeni kwa nini. Miezi miwili nyuma, mama yake Mwanakombo, bibi aliyemlea Mize, alikwenda kumtazama dada yake kijiji cha mbali, akafia huko. Mize kila akiuliza, aliambiwa, "Bibi bado yuko kwa dada yake." Mwanakombo aliogopa kilio cha mtoto kuliko alivyoliogopa zimwi.

Basi akamzika samaki nyuma ya jiko, akakimbia bwawani na kikapu, akarudi na mwingine mwekundu.

"Mama, mbona mkia wake umekuwa mfupi?"

"Amenenepa."

Nyinyi mmewahi kuona samaki ananenepa, mkia unapungua? Mize alikubali, maana aliyesema ni mama yake.

Siku ya saba zimwi likaja alasiri, Mize amekaa mapajani pa mama yake. Lilikuwa limengoja nje mpaka mtoto awepo. Lilikuwa na roho mbaya hivyo.

"Samaki wangu yu hai?"

"Yu hai."

"Nimekula," likasema zimwi, likajilamba. Mbavu zikafunikwa nyama papo hapo.

Mwanakombo akajiambia, moja si tatu.

Siku saba nyingine zikapita, zimwi likaja.

"Samaki wangu yu hai?"

"Yu hai."

"Nimekula." Likavimba mpaka kichwa kikagusa makuti.

Mwanakombo akajiambia, mbili si tatu. Mpumbavu yule.

Siku saba nyingine zikapita. Safari hii zimwi halikuweza kupita mlangoni. Liliung'oa mlango, likaingiza kichwa.

"Samaki wangu yu hai?"

"Yu hai," alijibu Mize kutoka mapajani pa mama yake. "Mtazame mwenyewe, tena amenenepa."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza anayejua."

Likafunua kinywa. Ulimi ukatambaa sakafuni, ukagusa mguu wa Mize.

Mwanakombo akautazama mtungi, akamtazama mwanawe.

"Amekufa," akasema. "Nilimuua mimi kwa moshi wa ubani. Huyu ni mwingine."

Zimwi likanywea, likabaki nusu. Lakini halikuondoka. Mize aliteremka mapajani, akageuka, akamtazama mama yake kwa jicho lilelile alilokuwa akilitazamia zimwi.

"Na bibi?" akauliza.

Kinywa cha zimwi kilikuwa bado wazi. Kilikuwa kinangoja.

"Bibi amekufa," alisema Mwanakombo. "Miezi karibu mitatu sasa. Nilikudanganya."

Zimwi likabaki mifupa. Likatukana mama, likatukana mtoto, likatukana na samaki, likarudi bwawani na njaa yake.

Mnadhani Mize alimrukia mama yake shingoni? Hakumrukia. Mama alipotaka kumshika, alimng'ata mkono. Siku ya kwanza hakula chakula cha mama yake. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu hakula, akilia, "Bibi, bibi." Mwanakombo alikaa karibu naye, akapigwa, akatukanwa, asiondoke. Iliuma, na alistahili.

Siku ya nne Mize alimrudisha samaki wa pili bwawani, akaja akasimama mbele ya mama yake.

"Nipeleke alipozikwa bibi," akasema. "Lakini usinishike mkono."

Wakatoka siku ileile, mama mbele, mtoto nyuma.

Ngano yangu inakatikia hapo. Iliyokuwa tamu ibebeni, iliyokuwa chungu niachieni mwenyewe.

Na funzo lake ni hili: mtoto akifiwa, hata na samaki, mwambieni kweli siku ileile, ingawa atawachukia. Nasema na nyinyi wakubwa pia, mliojibanza nyuma ya pazia mkisikiliza.