Kindi na Ngoma ya Masufuria

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakialikana harusi na kupikiana pilau, kulikuwa na desturi moja inayoniudhi mpaka leo. Fundi wa ngoma hupiga maharusi wakicheza. Chipukizi hupiga baadaye, wageni wameshakwenda, masufuria yanasuguliwa. Kwaruu! Kwaruu!

Kindi aliitwa chipukizi miaka saba. Kila alipoomba zamu, mafundi wawili, Mzee Tembo na Mzee Kiboko, walimjibu, "Bado, bado."

Sasa Mama Twiga alikuwa anamwoza binti yake, shoga wa Kindi tangu utotoni. Kindi alimtungia ngoma mpya. Ilimuuma kufikiri kwamba itasikiwa na masufuria tu.

Asubuhi ya harusi akawaendea wazee, uso kaukunja.

"Shikamooni, wazee wangu. Poleni."

"Marahaba. Pole ya nini?" akauliza Tembo.

"Wageni wameniuliza maana ya chipukizi. Nikawajibu, ni yule ambaye ngoma yake tamu kuliko zote bado inakuja."

"Umesema sawa," akasema Kiboko.

"Wakauliza, na fundi je? Nikasema, zake tamu zimeshapita zote. Basi wanawatafutia viti vya kupumzikia. Leo wanawaaga."

"Kutuaga!" Tembo akapiga masikio, pwaa! "Nani kasema nimekwisha? Mimi ndiyo kwanza naanza! Chipukizi ni mimi!"

"Thubutu! Chipukizi ni mimi!" akafoka Kiboko.

"Msigombane, wazee wangu. Semeni tu mbele ya wageni, wote wasikie."

Wakaenda, wakatangaza kwa vifua mbele. Mama Twiga akashika kichwa. "Jamani! Sasa nani atampigia mwanangu?"

"Mimi niliyebaki," akasema Kindi, na hop! akarukia ngoma.

Tikiti, tikiti, pa! Bibi harusi akacheza mpaka shela ikadondoka, akalia kwa furaha. Kindi naye akalia, huku anapiga.

Baadaye, nyuma ya jiko, pu! pu! kwaruu! Tembo akaacha kupiga. "Kiboko, mbona hapa hakuna mtu?"

Kindi akatokea na sahani mbili za pilau. "Hongereni, wazee wangu. Mnakuja vizuri. Lakini bado, bado."

Tembo akamtazama, akaitazama sufuria, akaangua kicheko mpaka mkonga ukamwaga wali. "Toto hili! Kaa hapa, fundi, tule."

Ndiyo hivyo, wanangu: jina unalomfungia mwenzako mlango, ipo siku utalivaa mwenyewe.