Pimbi, Kiboko na Jua la Utosini

"Ngano, ngano!"

"Ngano na ije!"

"Ije na nini?"

"Ije na chumvi, ukweli utafuata nyuma!"

Haya. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, unanizibia mwanga.

Palikuwa na Pimbi mjane, mwenye shamba la mchicha mlimani, juu ya mto. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, ambaye watu wakitaka kumtukana mfupi huazima jina lake. Kila siku alishuka mtoni na kibuyu, akapanda na kibuyu, akamwagilia tuta moja. Akifika tuta la pili, la kwanza limeshakauka. Mwaka ule mvua iligoma, mchicha ukaanza kulala chini, na Pimbi akaona wazi kwamba msimu ukipita hivi, shamba la mama linakwenda.

Akasikia habari za sola. Paneli mbili, pampu moja, maji yanapanda yenyewe. Akaenda kwa wenye kukopesha, wakamwuliza dhamana. Akawaonyesha meno yake mawili marefu, wakasema hayatoshi. Ikabaki kwenda kwa Kiboko, na mfa maji haachi kutapatapa.

Kiboko alikuwa tajiri wa mto mzima, na uchoyo wake ulizidi unene wake, jambo ambalo si dogo. Alisema atanunua paneli na pampu kwa masharti yake. Kwa siku sitini, Pimbi amtolee matenga mawili ya mchicha kila siku. Siku atakayoyakuta hayajajaa, shamba ni lake, na paneli, na pampu.

"Nije kuchukua saa ngapi?" akauliza.

Pimbi akainama kwa adabu. "Mzee, asubuhi jua bado changa, pampu inakohoa tu. Jioni limechoka. Likiwa utosini ndipo maji yanabubujika na mchicha unanenepa. Lakini saa hiyo matenga yanajaa kupita kiasi, wewe njoo zako asubuhi."

"Unanifanya mjinga? Andika, jua likiwa utosini. Na nitakuja mwenyewe, simtumi mtu. Watu wezi."

"Na siku usipofika, mzee?"

"Mimi nisifike kwenye chakula? Nisipofika, siku hiyo imelipwa."

Ikaandikwa. Shahidi alikuwa Fundi Kobe, aliyekuja kufunga paneli. Aliahidi siku mbili, akafunga kwa siku tisa. Awe kobe asiwe kobe, fundi ni fundi. Mwishowe akaunganisha waya. Du-du-du-du, ikasema pampu. Chwaaa, yakasema maji. Pimbi akalia kwa furaha, na wala hakujificha.

Siku ya kwanza, jua utosini, Kiboko akatoka mtoni. Ndi! Ndi! Ndi! Akafika kwenye mkonge wa mpakani. Sasa, ngozi ya kiboko ni ya majini, juani haina ujanja. Mgongo, chwii! Masikio, chwii! Makalio, ambayo yalikuwa mengi, chwiii!

"Shikamoo mzee, matenga yako haya," Pimbi akaita kutoka juu ya jiwe, huku amejianika tumbo.

Kiboko akasema atakuja kesho, akageuka mbio. Chubwi! Mtoni. Fundi Kobe akachora mstari kwa chaki, siku moja imelipwa.

Siku ya pili. Ndi! Ndi! Chwii! Chubwi! Mstari. Siku ya tatu alijipaka tope, likakauka na kupukutika njiani. Chwii! Chubwi! Mstari. Siku ya kumi alijifunika jani la mgomba. Jani moja, kiboko mzima! Chwii, chubwi, mstari.

Pimbi naye mchicha wake akauza gulioni. Matenga akayajaza mawe, juu akapanga majani mawili matatu, ili Kiboko akitazama kwa mbali roho yake itulie.

Siku ya sitini kukawa na mawingu. Mazito, tangu alfajiri. Pampu kimya. Kiboko akatoka mtoni taratibu, ndi, ndi, ndi, akapita mkonge, akapita matuta, akafika kwenye jiwe, ngozi baridi kabisa. Fundi Kobe akaingiza kichwa ndani, akaacha ushahidi nje. Pimbi akasogea akasimama mbele ya matenga. Kiboko akitazama tenga moja tu, siku hamsini na tisa zinakwenda bure, na shamba la mama juu yake.

"Matenga," akasema Kiboko.

"Yapo, mzee. Mkataba unasemaje?"

"Jua likiwa utosini."

"Basi nionyeshe jua, nikuonyeshe mchicha."

Kiboko akatazama juu. "Lipo nyuma ya wingu."

"Aliye nyuma ya mlango hajaingia, mzee. Maneno ni yako, mimi niliandika tu."

Alitaka kubisha. Lakini maneno yalikuwa yake kweli, na mchoyo hatupi kilicho chake hata kikimwumiza. Akakaa kungoja. Akakodoa macho juu, mdomo wazi, akilisihi wingu liondoke.

Likaondoka.

Chwiii! Mgongo, masikio, makalio, mpaka ulimi, maana mdomo alikuwa ameuacha wazi. Aliteremka mlima mkonge ukilala chini yake, akajitupa mtoni, chubwi! Pimbi akaketi chini akitetemeka, kisha akacheka huku bado anatetemeka. Kichwa cha Fundi Kobe kikachomoza polepole.

"Sasa hii nayo niiandikeje?" akauliza. "Leo si alifika?"

"Alifika, jua halijafika. Jua lilipofika, yeye akaondoka. Chora."

Akachora.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, rambeni wote. Ikiwa chungu, katemeeni nje, msichafue mkeka wangu.

Na funzo lake? Dawa ya deni ni kulipa. Anayebisha akamwulize Pimbi: kalipa siku sitini, hajakosa hata moja.