Ngoja, Nenda, Nyamaza

Sogeeni karibu. Hadithi hii sikuileta kuwaburudisha. Nimechoka kuibeba peke yangu, na leo nawatwika ninyi.

Walikuwapo watu watatu waliokwenda hija ya mafunzo, mwendo wa siku sita kwa miguu, wakisoma Maandiko kila penye kivuli, hadi kanisa la kale la mlimani. Kila mmoja alikuwa na karama yake. Foibe, mjane aliyezoea kuvuta maji ya kisima kirefu, alikuwa na mikono ambayo ikishika kitu haiachii. Naftali alikuwa mrefu kuliko milango yote ya kijijini kwao, mwenye nguvu za ng'ombe wa plau, ila aliogopa maji tangu korongo lilipomchukua kaka yake. Hagai alikuwa mwimbaji; sauti yake ilivuka vilima viwili, na masikio yake yalisikia mvua kabla ya mawingu.

Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Yeremia, mzee mwenye mguu mmoja mbovu. Miaka arobaini aliiongoza hija hiyo, na yote aliyojifunza njiani aliyaandika katika daftari lenye jalada la ngozi ya mbuzi. Hii ilikuwa safari yake ya mwisho. Ambaye angepewa daftari ndiye angeongoza baada yake, na wote watatu walilitamani, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema.

Desturi ya hija ile ni kwamba kabla ya kuondoka kila msafiri hutia mkono kibuyuni, akatoa karatasi yenye neno moja. Hulipokea kama agizo la Mungu kwake, na hulitii mpaka avuke kizingiti cha kanisa. Foibe alitoa "Ngoja". Naftali alitoa "Nenda". Hagai, kati ya watu wote, alitoa "Nyamaza".

"Mwalimu, huyu atapasuka," Naftali alisema, na watu wakacheka.

"Atakayemtumaini Mungu na kulitii neno lake kuliko wenzake, daftari ni lake," Mwalimu akajibu. Hapo kicheko kikaisha.

Siku nne Hagai hakusema hata amina. Foibe alisimama kila njia panda akaomba mpaka moyo utulie, na wenzake wakachomeka na jua wakimnung'unikia. Naftali alitangulia kila mahali, maana hadi hapo hawakukutana na maji.

Siku ya tano, saa nane mchana, wakafika korongoni. Lilikuwa kavu, mchanga mtupu, na katikati limesimama jabali moja. Hagai alivuka, akasimama ng'ambo. Mwalimu akafuata, akiburuta mguu. Foibe akabaki ukingoni na punda aliyebeba mizigo na kamba.

"Moyo wangu haujapewa ruhusa," alisema.

"Dada Foibe, mchanga mkavu unaungojea nini?"

Naftali aliuliza hivyo, lakini naye hakuvuka. Alijidai anakaza mizigo ya punda. Neno lake lilikuwa Nenda, naye miguu ilikuwa imeota mizizi.

Mwalimu alipofika katikati akageuka, akaona wawili hawaji. Akaketi mchangani kivulini mwa jabali ili awasubiri, akavua kiatu.

Hagai ndiye aliyesikia. Mngurumo, mbali, huko juu. Pale walipokuwa mbingu ilikuwa nyeupe. Mvua ilinyesha milimani, nao hawakujua. Alipunga mikono. Mwalimu akampungia naye, akitabasamu. Imebaki siku moja tu, Hagai aliwaza, siku moja na neno langu limetimia. Mngurumo ukawa karibu. Akafumbua kinywa:

"Mwalimu, maji! Panda jabali!"

Mzee alipanda kwa magoti. Hata hajasimama sawasawa, maji mekundu yakapita pale alipokuwa ameketi, yamebeba magogo. Kiatu hakikuonekana tena. Baada ya muda mfupi maji yalikuwa yakimlamba vifundo, na yalikuwa yanapanda.

"Nifunge kamba," Naftali akamwambia Foibe.

"Wewe huwezi kuogelea."

"Sijasema naogelea. Nimesema nakwenda."

Akaingia. Maji yakafika kifuani, yakafika shingoni. Hagai, ambaye sasa hakuwa na neno la kulinda, alimwongoza kutoka ng'ambo: "Gogo linakuja, inama! Kushoto kuna shimo!" Naftali alifika. Alipomkumbatia mzee, wimbi likawang'oa wote wawili.

Foibe alikuwa ameizungusha kamba mara moja kwenye mti wa mgunga ulioota ukingoni, akaishika. Ilimchuna viganja mpaka damu.

"Foibe, iachie! Itakuvuta na wewe!" Mwalimu alipiga kelele.

Hakuiachia. Wala hakuvuta, maana angevuta wakati ule ingekatika. Alingoja wimbi lipite, kisha akavuta, mkono baada ya mkono, hadi walipoanguka miguuni pake wakitapika mchanga.

Asubuhi maji yakapungua. Walipovuka na kumkuta Hagai, alikuwa amerudi katika ukimya wake.

Mbele ya mlango wa kanisa Mwalimu alitoa daftari mzigoni. "Semeni wenyewe," aliwaambia.

"Nililitii neno langu mwanzo hadi mwisho," Foibe alisema, viganja vimefungwa vitambaa.

"Ungevuka mapema, Mwalimu asingeketi pale," Naftali akasema.

"Na wewe uliyeambiwa Nenda, ulibaki kwa nini?" Foibe akamuuliza.

Naftali aliinamisha kichwa. "Kwa woga. Lakini nilipoingia majini nilijua naweza kufa. Nani mwingine hapa alimtumaini Mungu kiasi hicho?"

Wakamgeukia Hagai, aliyelivunja agizo lake, ambaye asingelivunja tungekuwa na kaburi. "Jitetee, mwanangu," Mwalimu alimwambia. Hagai akatikisa kichwa, akaonyesha kizingiti. Walikuwa hawajakivuka.

Mzee alilia. "Wananidai haki, nami nina deni la uhai wangu kwao. Siwezi kuwa hakimu." Akatazama huku na huku, akaniona mimi, mfagiaji wa kanisa, nimesimama na ufagio wangu. Akaniwekea daftari mikononi. "Amua wewe, ambaye hukulowa."

Mwalimu tumemzika mwezi uliopita. Hija inaondoka Jumatatu na haina kiongozi. Msiniambie nilikate vipande vitatu, wala waongoze wote; hayo ni maneno ya mtu anayekimbia swali, na mimi nimeshayakimbilia sana.

Daftari hili hapa, magotini pangu. Haya, nyoosha mkono ulipokee. Sasa liko kwako: unampa nani?