Jina la Binti Aliyezaliwa Kimbungani

Hapo zamani, mwaka ambao bahari ya kusini ilipata joto kama maji ya kumwogeshea mzazi, alikuwepo mjamzito aitwaye Somoe. Mumewe alikuwa safarini, naye alikaa na wifi yake, Hadia, katika kijiji cha wachemsha chumvi.

Jirani yao, Mwanaheri, kila asubuhi alitia mguu baharini. Siku moja akautoa haraka. "Somoe, maji haya yana homa. Kimbunga kinakuja. Tupande mlimani."

"Kwa tumbo hili, dada?"

Mwanaheri aliiacha chumvi yake ya msimu mzima, akajitwika godoro la Somoe, akatangulia. Somoe akalifuata godoro lake, na Hadia nyuma.

Huko juu nyumba ilikuwa moja tu, ya Kibibi, ambaye alikuwa hajasemezana na Somoe kwa miaka minne. Mawingu yalikuwa yameanza kuzunguka, taratibu, kama maziwa yanayokorogwa katika uji. Kibibi akafungua mlango.

"Ingia. Tutagombana kesho."

Upepo ukaja. Ulivuma hadi Somoe akasahau kama kuliwahi kuwa na kimya duniani. Kisha, adhuhuri, ukakoma ghafla. Mbingu ikawa buluu, duara, imezungukwa na ukuta wa mawingu. Ndege wa baharini wakatua uani, hoi, wakakubali kushikwa. Somoe akajihisi mwepesi, kana kwamba yu usingizini. Akataka kushuka akaione nyumba yake.

Hadia akaketi kizingitini. "Hupiti, wifi."

"Si kimekwisha?"

"Hili ni jicho lake tu. Kitarudi."

Somoe akamsukuma, akamng'ata mkono. Hadia hakusogea.

Kikarudi, safari hii kwa upande wa pili. Bahari ikapanda, ikameza kijiji kizima. Kibibi akavunja kitanda chake cha harusi, akaukaza mlango kwa mbao zake. Katika vurumai hiyo mtoto wa kike akazaliwa. Kimbunga kikaingia bara, kikachoka, kikawa mvua, kikawa manyunyu, kikafa.

Siku ya saba ikabidi mtoto apewe jina, na Somoe alitaka aliyewaokoa ndiye ampe jina hilo.

"Ni mimi," alisema Mwanaheri. "Bila mimi mngekuwa chini ya maji."

"Na mngejificha wapi?" akauliza Kibibi. "Mlimani ni nyumba yangu tu."

Hadia akaonyesha mkono wake. "Alikwisha kuokoka, akataka kwenda kufa. Nani alimzuia?"

Somoe akawatazama mmoja mmoja, mtoto kifuani. Enyi mnaonisikiliza, semeni nyinyi: je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?