Maji Yaliyomkimbia Mama Bata

— Nimekuja na hadithi, wajukuu zangu!
— Tuletee!
— Ina maji!
— Tutayanywa!
— Ina matope!
— Tutaoga!
— Na atakayesinzia?
— Afinywe!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako wapate nafasi.

Hapo kale, kale hasa, Bata hajaja kuishi na watu, alikuwepo Mama Bata. Nyumba yake ilikuwa nzuri, uani kwake palifagiwa, lakini palikuwa kimya. Mwaka uliopita alitaga, akaatamia, akaangua, akawapeleka watoto mtoni wakaogelee. Mtoni kulikuwa na gogo. Watoto wakalizunguka lile gogo, wakicheka. Mama Bata akageuka kushoto kuchuma jani, akageuka kulia, watoto hawapo. Gogo nalo halipo. Kumbe lilikuwa na meno.

Akarudi nyumbani peke yake.

Mwaka huu akataga tena. Akayaweka mayai ndani, kwenye majani makavu, akayafunika kwa manyoya ya kifua chake mwenyewe. Akayaambia, "Wanangu, ninyi mto hamtaujua. Mto utakuja hapa hapa nyumbani."

Akaanza kuchimba bwawa uani. Anachimba kidogo, anakimbia ndani kuatamia kidogo. Anachimba, anaatamia. Udongo wa kwake ulikuwa mchanga mtupu, akasema, watoto wangu hawatakanyaga mchanga. Akaenda kwenye kichuguu, akaleta udongo mwekundu unaonata, akausambaza chini kwa mdomo, polepole, kama mtu anayempaka mafuta mtoto mchanga.

Akapanga mawe meupe pembeni. Akapanda yungiyungi. Akapasua mwanzi, akauinamisha juu ya jiwe, ili maji akiyamimina yashuke yakiimba: tililili, tililili. Alipomaliza akasimama mbali, akaangalia, akafumba jicho moja, akaangalia tena.

"Uzuri gani huu! Nikiliangalia nasahau kuwa ni mimi niliyelichimba."

Akachukua kibuyu, akaenda mtoni. Gogo lilikuwepo.

"Karibu, Mama Bata," akasema Mamba, sauti yake nyororo kama ya shangazi. "Watoto hawajambo?"

"Hawajaanguliwa."

"Wakianguliwa uwalete niwaone. Nawapenda sana watoto."

Mama Bata akachota upesi, jicho kwenye gogo. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, na kila akirudi mtoni gogo limesogea kidogo. Mpaka bwawa likajaa.

Basi harufu ya maji haifichiki. Wakaja majirani.

Wa kwanza Mjomba Ngiri, amejaa vumbi mpaka masikioni. "Hodi, Mama Bata! Ngok! Nimesikia kwako kuna bwawa. Niruhusu nigaagae kidogo tu, mgongo unaniwasha."

"Mjomba, utanichafulia. Hili la watoto."

Wa pili Baba Nyati, mlango ukatetemeka. "Mama, naomba niingize miguu tu. Kwato zinachoma."

"Baba, miguu hiyo? Utanivunjia mawe yangu. Hili la watoto."

Wa tatu Kanga, ambaye Mama Bata alimwita wifi, maana wenye mabawa wote ni ukoo mmoja. "Wifi, bwawa hilo umelijenga au umeliota? Ngoja nishuke nijione madoa yangu."

"Jione ukiwa huko huko, wifi. Hili la watoto."

Wakaondoka. Mama Bata akakata miiba, akalizungushia bwawa lote, akaacha kimlango cha kupita yeye. Akalala akisikia tililili.

Asubuhi akatoka. Bwawa halina maji.

Mawe yapo. Yungiyungi zipo, zimelala ubavu. Miiba ipo, haikuvunjwa hata mmoja. Maji hamna! Akaingia ndani ya shimo, akageuka huku, akageuka kule. Akainua jiwe akaangalia chini yake, kama vile maji ni sindano iliyodondoka. Akaimba, nanyi mnaitikia:

Maji yangu, nani kayanywa?
— Si mimi!
Kwa mdomo gani?
— Si huu!
Basi yamekwenda wapi?
— Muulize mwenyewe!

Akaenda kwa Ngiri mbio. "Mjomba, rudisha maji yangu!"

"Maji?" akasema Ngiri. "Niangalie mwili huu. Una hata tone? Nikijikuna natoa vumbi."

Mama Bata akamwangalia. Kweli, ni vumbi. Akarudi, hajui ashike lipi. Akachota tena mtoni, akajaza tena. Asubuhi, hamna.

Akaenda kwa Nyati. "Baba, ni wewe!"

"Mimi nikinywa, Mama, sichagui. Nameza maji na chura na jani. Yungiyungi zako zipo?"

"Zipo."

"Zote?"

"Zote."

"Basi siyo mimi."

Akajaza tena. Asubuhi, hamna. Akaenda kwa Kanga.

"Yalaa!" akapiga kelele Kanga. "Wifi, bwawa zima kwa kidomo hiki? Si ningepasuka, madoa yakarukia ukutani kwako? Hayo mapenzi ya bwawa yamekupanda kichwani."

Mama Bata akachanganyikiwa. Ngiri siye, Nyati siye, Kanga siye. Labda ni jua? Akalifunika bwawa kwa majani ya migomba. Labda ni mwanzi unayanong'oneza? Akaung'oa. Akajaza maji kwa mara nyingine, safari hii Mamba alimpitia karibu mpaka akamng'oa unyoya wa mkia. Kisha akakaa mchana kweupe, akachungulia chini ya majani, akayakazia macho maji. Hakuja mtu. Hakupita hata inzi. Na maji yakawa yanashuka. Yanashuka huku anayaangalia! Jiwe lililokuwa limezama likatoa kichwa, likatoa mabega, likatoa kiuno.

"Mnakwenda wapi?" akayauliza. "Simameni basi! Nimewakosea nini?"

Maji yakazidi kushuka. Yalikuwa na safari zake.

Mayai nayo, akiyawekea sikio, yanagonga ndani: tko, tko.

Siku hiyo hiyo majirani wakaja wote pamoja, wamevimba. Jina la wizi limeenea kichaka kizima. Kimlango hakikuwatosha, Nyati akaipitia miiba kama nyasi.

"Umetuita wezi!" akasema Nyati. "Leo utuonyeshe hayo maji tuliyoyaiba yalikuwa wapi!"

"Hapo, shimoni!"

Nyati akaingia shimoni. "Hapa?"

"Toka! Unakanyaga udongo wangu!"

Ngiri akaingia kumtetea Nyati. "Hapa pana kinyevunyevu tu. Ngok! Mtu unamwita mwenzio mwizi kwa kinyevunyevu?" Akajitupa, akagaagaa kwa hasira, na kidogo kwa raha. Kanga akarukia ndani, akawa anakimbia huku na huku kati ya miguu yao, chekeche, chekeche. "Mwambieni! Mwambieni wifi yangu!" Mama Bata akiwafukuza huku, wanazungukia kule. Wakakanyagana, wakasukumana, udongo ukatoa sauti, pwaku, pwaku, pwaku. Mmewaona mama zenu wakikanyaga udongo wa kukandika nyumba? Ndivyo ilivyokuwa, ila hawa walikuwa wanatukanana.

Walipochoka wakaondoka. Mama Bata akalia. Bwawa lake zuri limekuwa uji wa udongo. Akaenda kuchota maji ayaoshee mawe, akayamwaga, akalala bila kula.

Asubuhi akatoka. Maji yapo!

Akasugua macho. Akayagusa. Yapo, yale yale aliyomwaga, machafu, mekundu, yametulia kama mgeni aliyekula akashiba.

"Ahaa!" akasema. "Wezi wameona haya, wameyarudisha."

Mnasikia hayo? Maji hayakuibwa, lakini yeye akaamini yamerudishwa.

Sasa, akasema, wanangu waogelee kwenye uchafu wa kwato? Hapana. Akayateka yale maji machafu, akayamwaga kule kwenye pengo alilolifungua Nyati. Akaukwangua ule udongo uliokanyagwa wote, akaurusha nje. Akaleta udongo mpya, akausambaza kwa mdomo, polepole. Akapanga mawe. Akarudisha mwanzi. Akajaza maji safi. Tililili!

Kufika jioni, hamna.

Hapo Mama Bata hakuimba. Alikaa chini katikati ya shimo. Yakiwa machafu yanakaa, yakiwa safi yanakimbia, ni maji gani haya? Majirani wakiingia yanakaa, wakifungiwa nje yanaondoka? Kila alivyofikiri, akili ilizunguka ikamrudia mwenyewe. Na mtoni anaogopa kwenda tena, gogo limekwisha mwonja mkia, na kila safari linazidi kusogea.

Na ndani ya nyumba, tko, tko, tko. Pah! Yai likapasuka.

Akatoka mtoto mmoja, manyoya yamelowa, macho bado hayajajua kuangalia. Hakumtafuta mama. Miguu yake ilikuwa inatafuta maji. Akapita mlangoni, akapita ukingo wa bwawa kavu wala hakuligeukia, akaenda moja kwa moja kwenye lile pengo la miiba. Mama Bata akamfuata, roho mkononi, akidhani anakwenda mtoni.

Akamkuta anaogelea.

Ndani ya nini? Ndani ya alama ya kwato ya Nyati! Pale alipokanyaga akiingia, juu ya udongo wa kichuguu uliodondoka njiani, palibaki shimo dogo kama bakuli. Yale maji machafu aliyoyamwaga Mama Bata yalituama humo, na yalikuwa bado humo, hayajapungua. Mtoto anazunguka, anapiga kimkia.

Mama Bata akaangalia bwawa zima, kavu. Akaangalia alama ya mguu wa yule aliyemwita mwizi, imejaa.

Akaweka mguu wake pembeni, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Akadondoshea maji kidogo ya kwenye alama ile. Yakanywewa papo hapo. Mguu wake mwepesi, jamani, mguu wa kuelea, udongo haukuusikia. Akajua sasa maji yalikokwenda. Yalipita chini, siku zote, kwenye vitundu ambavyo mdomo wake haukuweza kuviziba.

Akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwa Nyati. Akawakuta wote watatu.

"Hodi," akasema, kichwa chini.

"Ficheni maji!" akasema Ngiri. "Mwenyewe huyo amekuja kupekua."

"Mjomba, nisamehe. Baba, nisamehe. Wifi, nisamehe. Niliwaita wezi, na anayeyatorosha maji yangu ni mimi mwenyewe. Nilipowafungia ninyi nje, maji yakatorokea chini. Wanangu wanaanguliwa leo. Nawaomba miguu yenu."

Nyati akatafuna. Kisha mtoto wa bata akateleza kutoka mgongoni, akaiona pua ya Nyati imelowa, akaipandia akitaka kuogelea.

Nyati akapiga chafya, Kanga akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, huyu mtoto hana haya kama mama yake! Twendeni, kabla hajazama kwenye kamasi."

Wakaenda. Safari hii hawakugombana, waliimba. Nyati akakanyaga kwa kwato, udongo ukabanana. Ngiri akagaagaa, akaulainisha kwa mgongo uliokuwa unamwasha siku zote. Kanga akapita nyuma na vidole vyake vyembamba, akifukia vitundu walivyoviruka wakubwa. Na Mama Bata akaimba:

Udongo wangu, nani kakanyaga?
— Ni sisi!
Kwa mguu gani?
— Ni huu!
Na maji yatakaa wapi?
— Hapa, hapa!

Kuteka maji akaenda Nyati. Mamba akamwona, akawa gogo la kweli siku hiyo, hata jicho hakufungua.

Asubuhi, maji yapo. Kesho yake yapo. Hayakuwa meupe, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini watoto wote wa Mama Bata waliogelea humo, Ngiri upande mmoja anakoroma, Nyati upande wa pili miguu imezama, Kanga kwenye jiwe jeupe anajihesabia madoa. Na mwanzi unaimba tililili. Kila walipokanyaga, bwawa likazidi kushika.

Lakini mshangao ule haukumtoka Mama Bata kabisa. Huwa anaogelea zake vizuri, mara wasiwasi unamjia: je, chini bado pamezibwa? Basi anazamisha kichwa, mkia juu, anaangalia. Akiona pamezibwa, anainuka, anajikung'uta, anaendelea. Ndiyo maana mpaka leo mkimwona bata majini ameinamisha kichwa na mkia umeelekea mbinguni, msimcheke sana. Anakagua.

Na ninyi wajukuu zangu, chukueni hili. Kitu kizuri ukikijenga, usikizungushie miiba, maana huwezi kujua ni mguu wa nani unaokishikilia. Na kikikupotea, kabla hujaenda kumwita jirani mwizi, angalia kwanza chini ya miguu yako mwenyewe.

— Maji yamekaa?
— Yamekaa!
— Matope mmeoga?
— Tumeoga!
— Basi kanaweni miguu mkalale. Hadithi yangu naiacha hapo bwawani, mwenye kiu ataikuta.